Njugu za Kumi za Mama Sheryl

Simu ilinipata nikiwa Port Victoria, nimechuchumaa mbele ya omena zilizoanikwa juu ya nyavu, nikibishana na Naswa. Naswa ndiye mama anayeniuzia omena za kupeleka Kisumu, na tukikutana ni lazima tubishane kwanza, la sivyo tunaona kama hatujasalimiana. Siku hiyo nilikuwa nimeanza kumshinda. Simu ikalia ndani ya leso niliyojifunga kiunoni. Nilipoona jina la Sheryl nilishtuka kabla ya kupokea, kwa sababu Sheryl ni mtoto wa kuandika ujumbe, si wa kupiga.

“Auntie,” alisema. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. “Auntie, Mama ametuacha.”

Nilimuuliza kama alikuwa amekula. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Sheryl hakushangaa. Aliniambia kwamba mama yake alikunywa uji kidogo, akasema ajinyooshe, na jirani alipokuja kumwamsha akakuta ameshaenda.

Naswa alikuwa bado ameshika ndoo ya kupimia. Aliiweka chini, akakaa mchangani kando yangu, akanishika mkono uliokuwa unanuka omena, akaomba kwa Kinyala, lugha ya kwao. Sikuelewa maneno yote, lakini nilisema amina mahali pa amina. Kisha akanifungia gunia mwenyewe, akaita pikipiki, na akamwonya mwendeshaji asikimbie kwa sababu amebeba mtu aliyefiwa.

Marehemu Lornah Aloo, ambaye mtaa mzima wa Kaloleni, Kisumu, ulimwita Mama Sheryl, alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, Walter. Alikuwa wifi yangu. Najua neno hilo huwafanya wanawake wengine wavute midomo, lakini mimi kwa wifi nilibahatika, na Mungu anajua sisemi hivi kwa sababu amekufa. Walter aliponioa hatukuwa na mahali pa kukaa. Tulifika mlangoni kwake na godoro moja na karai, naye akahamia chumba kimoja na mtoto wake, akatuachia kile chenye dirisha. Asubuhi yake alinitazama nikipuliza jiko, akamwambia Walter kwamba ameukagua mzigo aliouleta na hauna kasoro, ila tu haujui kuwasha moto. Nilicheka mpaka moshi ukanipalia. Tangu hapo tukawa watu wa kutaniana.

Nyumba ilikuwa ya kaunsili, zile za safu za zamani zenye mabati ya kutu. Mumewe, Obonyo, aliipata alipokuwa akifanya kazi ya mabomba ya maji, na alifariki Sheryl akiwa nasari. Mama Sheryl alilia, akazika, akarudi mjini, na baada ya muda akaanza kukaanga njugu. Alisema alichagua njugu kwa sababu hazihitaji friji wala mume.

Alizikaanga kwa mchanga. Mchanga wenyewe aliutoa ufukweni Dunga, akauosha na kuuchekecha mpaka ukawa laini, akaupasha moto kwenye sufuria kubwa nyeusi, ndipo akamimina njugu zilizokwisha kulowekwa kwenye maji ya chumvi. Alizikoroga huku akiimba. Sauti yake haikuwa nzuri, niseme tu ukweli, hata kwenye kwaya walimweka mstari wa nyuma karibu na dirisha. Zikiiva alizipepeta, na maganda mekundu yakaruka na upepo wa ziwani na kutua kwenye nguo za majirani. Mama mmoja wa safu ya pili aliwahi kuja na shuka nyeupe begani kumwonyesha uharibifu. Mama Sheryl aliikung’uta ile shuka, akaikunja vizuri, akampa njugu, na kila Jumamosi baada ya hapo yule mama akawa anaanika shuka zake palepale maganda yanapotua.

Aliuza langoni mwa mtaa, kwenye meza ndogo. Karatasi za madaftari ya shule alizisokota kuwa pembe, na pembe moja ya njugu ilikuwa shilingi kumi. Ilikuwa kumi nilipoolewa, na ilikuwa kumi alipokufa. Mtu wa ofisini anaweza kudhani kwamba kupandisha bei ni kusema tu, lakini anayeuza langoni anajua kwamba bei yake inaamuliwa na sarafu. Mzazi akimpa mtoto kitu cha kununua chakula cha mapumziko, anampa sarafu ya kumi. Mtu anayetoka kazini akipapasa mfuko, anachokuta humo ni kumi. Ukimwambia kumi na tano unamtuma akatafute chenji, na wewe pia ukatafute chenji, na mpaka hapo hamu ya njugu imeshapita.

Kupima, alipima kwa kopo dogo la nyanya za kupikia. Lakini kopo halikuwa mwisho. Ukishapokea pembe yako unabaki umenyoosha kiganja na kusema “medna”, yaani niongeze kwa Kijaluo, naye anachota kwa vidole na kukuwekea njugu chache mkononi. Sokoni kwetu hakuna anayeuza bila nyongeza, iwe nyanya, sukuma au omena. Ila nyongeza ya Mama Sheryl ilikuja na maneno. Alikuwekea huku akikuuliza habari za mzee wako aliyelazwa, ama akikwambia umekonda, ama akikuuliza ni lini utaoa ili aache kukuonea huruma. Watu walisimama pale wakitafuna zile za mkononi kwanza. Zile za kwenye pembe walienda nazo.

Aliyesimama kuliko wote alikuwa Odongo, mwendeshaji bodaboda wa steji ya karibu. Mama yake alifariki kitambo, na nadhani kwa Mama Sheryl alikuwa anatafuta zaidi ya njugu. Alikuwa akija asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Alimwita Mama tu, bila Sheryl.

Mimi na Walter tulikuja kuhamia mtaa wa Obunga, lakini omena zangu niliendelea kuziuza pale langoni, kando ya meza yake. Upande wake mwingine alikaa Magdalene, mama kutoka Murang’a tuliyemwita Mama Muriuki, ambaye alikuwa na karai la mafuta na mandazi. Basi ikawa ukitoka kanisani au kazini unatukuta tumejipanga hivyo, watatu, kila mmoja akidai chakula cha mwenzake ndicho kinachofukuza wateja.

Halafu njugu zikapanda. Ukienda sokoni Kibuye unapewa bei moja asubuhi, ukirudi na pesa mchana unapewa nyingine. Si njugu tu, hiyo mnaikumbuka. Unga wa ngano ulipanda, mafuta yakapanda, na kila kitu cha kumi kikaanza kunyauka kikiwa bado ni cha kumi. Biskuti ukizishika dukani zinacheza ndani ya karatasi. Pakiti za krips zilijaa hewa ya kutosha tairi la baiskeli. Mandazi ya Magdalene yalipungua wiki hadi wiki, na wanafunzi walipomwuliza yanaenda wapi, aliwajibu kwamba wao ndio wanaokua.

Jioni moja nilimkuta Mama Sheryl nyuma ya nyumba, amelipindua kopo lake juu ya jiwe, analigonga kitako kwa mchi wa kinu.

“Wifi, leo unatwanga kopo?”

“Nalitwanga kabla halijanitwanga,” alisema.

Alilinyanyua tukalitazama. Kwa nje lilikuwa kopo lilelile, hata karatasi yenye picha ya nyanya bado imeshikilia. Kwa ndani kitako kilikuwa kimeingia juu kama kitovu cha mtoto mchanga. Wapimaji wa mahindi na maharagwe wengi hufanya hivyo, na wanunuzi wanajua, ndiyo maana hupindua gorogoro, lile kopo la nafaka, kabla ya kupimiwa. Lakini kopo la njugu za kumi nani atalipindua?

Hakuna aliyegundua, na nitawaambia sababu. Mkono wake haukukubaliana na kopo. Alikuwa akipima kwa lile kopo la kitovu, akimimina kwenye pembe, kisha ukinyoosha kiganja vidole vyake vinachota zaidi ya zamani, kana kwamba vina aibu. Watu walianza kusema Mama Sheryl amekuwa mkarimu sana siku hizi, maisha yamekuwa magumu na yeye ndiye pekee anayeongeza. Kwa jinsi nilivyotazama, kopo lilichokinyang’anya, vidole vilikirudisha. Nilimwambia kwamba kwa mwendo huo alitoa jasho bure. Akaniambia ninyamaze, omena zangu zinaliwa na paka. Na kweli paka alikuwepo.

Mwaka uliofuata akina mama wa kanisa letu walimchagua awe kiongozi wao. Kwetu kiongozi hatangazwi tu. Anapiga magoti mbele siku ya Jumapili, mchungaji na mama wazee wanamwekea mikono na kumwombea, na watu wote wanashuhudia. Mama Sheryl alikuwa ameitamani nafasi hiyo kwa miaka, ingawa hakuwahi kusema. Alifurahi, akashona sare mpya. Kisha akaanza kunyamaza. Akawa anakoroga njugu bila kuimba, mpaka majirani wakaja kuniuliza kama ni mgonjwa, na mmoja akakiri kwamba hakujua angeikosa sauti ile.

Nilipombana, aliniambia: “Dorca, nitapigaje magoti na lile kopo?”

Nilimwambia amweleze Mungu chumbani kwake, ayamalize, maana hata Biblia inaturuhusu kufunga mlango.

“Mungu nimemwambia,” alisema. “Lakini Mungu hanunui njugu pale langoni.”

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. Alimshukuru Mungu kwa uhai. Alishukuru kwamba Sheryl amepona malaria na amefaulu mtihani wa chuo. Tukasema amina tukidhani amemaliza. Ndipo akafungua mkoba, akatoa kopo, akaligeuza ili kanisa zima lione kitako. Akaeleza alivyolifanya na kwa nini. Akasema kila aliyenunua kwake kwa mwaka mzima alipewa pungufu akidhani amepewa sawa, na kwamba anaomba msamaha wao, na kwamba asiwekewe mikono mpaka atakapokuwa amepatana nao. Kisha akaketi. Mzee mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mchungaji alisema asante kwa ushuhuda huo, akaomba wimbo, lakini hakuna aliyejua aanzishe upi.

Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika mpaka kwa wasioenda kanisani. Magdalene alimsubiri akiwa ameshika kijiti cha kugeuzia mandazi.

“Kwani nani alikutuma?” alimuuliza. “Mama Sheryl, angalia haya mandazi. Si yamebaki kama vifungo vya koti? Umenisikia nikienda kuwatangazia watu? Watu wana macho.”

“Mandazi yako yanaonekana. Langu nililificha.”

“Basi ungelificha mpaka mwisho. Sasa umeleta utakatifu kwenye biashara, na mimi niko hapa kando yako na vifungo vyangu.”

Odongo ndiye aliyefuata. Aliegesha pikipiki, akatoa sarafu kama kawaida, akapokea pembe. Kiganja hakukinyoosha. Mama Sheryl alikuwa tayari ameshachota, vidole viko hewani.

“Hizo za mkononi,” Odongo alisema. “Mama, mimi nilikuwa nikifika steji nawaambia wenzangu, yule mama ananipenda, ona anavyoniongezea. Kumbe ulikuwa unanirudishia zangu.”

Mama Sheryl alizirudisha njugu alizochota. Odongo aliirudisha pembe mezani polepole, akaondoka, na sarafu yake akaiacha palepale. Baada ya hapo akawa anapita langoni akiangalia upande wa pili, kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba.

Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha kanisani. Aliniambia kwamba alidhani akishasema atakuwa mwepesi, na sasa amekuwa mzito zaidi, kwa sababu kumbe hakuwaibia njugu peke yake. Zile za mkononi alizowapa kwa moyo sasa zilionekana ni za mwizi anayerudisha kidogo kidogo. Na angemthibitishiaje mtu kwamba haikuwa hivyo? Yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Basi akafanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka natabasamu. Alinunua nyanya za kopo, akazipika, akachukua kopo jipya lenye kitako kilichonyooka, akalijaza mpaka juu na kulipitishia kidole lisawazike. Bei kumi ileile. Kipimo cha haki mbele za Mungu na watu. Na kwa kuwa kipimo sasa ni cha haki, akaacha kabisa kutoa nyongeza. Alisema kwamba kilicho cha mtu kiko ndani ya pembe, chote, na hataki tena mtu asimame pale akijiuliza zile za mkononi ni za nani.

Ndani ya pembe sasa mlikuwa na njugu nyingi kuliko mwaka mzima uliopita, na watu walikasirika ajabu. Walinunua, wakanyoosha kiganja, kiganja kikabaki kimenyooka. Wengine walidhani amewanunia kwa sababu ya maneno ya mtaani. Wengine walisema ndivyo wanavyokuwa wakichaguliwa kanisani. Hakuna aliyesimama tena kuzungumza, maana ungesimama unatafuna nini? Yule mama wa safu ya pili alinyoosha mkono, akaurudisha mtupu, na Jumamosi hiyo shuka zilianikwa upande mwingine. Njugu zilianza kulala na kupoteza mlio.

Jumapili moja alikuja kwetu Obunga baada ya ibada. Alikula ugali bila kusema, kisha akasukuma sahani.

“Nimewapa haki yao yote,” alisema, “na wamekasirika.”

Nilijaribu kujizuia nikashindwa, nikacheka. Yeye naye akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Walter, ambaye hasemi sana, alikuwa kwenye kiti chake akichokoa meno. Akamuuliza: “Wewe ungenunua kwa mtu asiyekupa hata moja ya mkononi?”

Aliinuka akanawa mikono. Tuliomba pamoja, akaenda zake. Nilidhani amekasirika.

Asubuhi yake alipita Kibuye kabla ya kuja langoni, akanunua glasi ndogo. Glasi kabisa, ile unaona ndani mpaka chini. Aliijaza njugu, akaitazama, akatikisa kichwa kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Kisha hakukaa mezani. Alibeba beseni lake la njugu kiunoni na ile glasi mkononi, akavuka barabara mpaka steji ya bodaboda, nami nikamfuata na mikono yangu ya omena kwa sababu niliogopa watamtukana.

Vijana walipoona glasi walifurahi.

“Mama mchungaji, hiyo ni ya chang’aa?” mmoja aliuliza.

“Ingekuwa ya chang’aa mngekuwa mmeshanikuta nyumbani.”

Walicheka, isipokuwa Odongo. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, anafuta kioo cha pembeni ambacho kilikuwa safi. Mama Sheryl alimwendea, akainua glasi ikiwa imejaa mbele ya macho yake.

“Hii ndiyo ya kumi,” alisema. “Ni kidogo. Unaiona ni kidogo. Njugu zimepanda na siwezi zaidi ya hapa.”

Odongo aliiangalia kwa chini, akaiangalia kwa juu. Akauliza kama hiyo ni glasi ama ni ya kuwekea dawa ya macho. Vijana wakacheka tena. Lakini alitoa sarafu, akamiminiwa kwenye pembe, akaanza kusokota mdomo wa karatasi kama mtu aliyemaliza.

“Lete mkono,” Mama Sheryl alimwambia.

“Ni za nani?”

“Ni zangu. Nakupa.”

Odongo alimtazama kidogo, kisha akanyoosha kiganja. Mama Sheryl alichota, akamwekea, akamwambia amekonda na shati lake lina tundu la kwapa. Alizila zote akiwa amesimama pale, na wenzake wakaanza kununua.

Sitasema siku hiyo kila mtu alirudi. Wapo waliohesabu ile glasi kuwa dharau na hawakununua tena. Magdalene alisema sasa ni yeye anayeonekana mwongo, na kuanzia hapo akawa anawaambia wateja wake waziwazi: “Hayajapungua, yamefunga na kusali.” Lakini wengi walirudi, kwanza wakiicheka glasi, kisha wakaizoea, na wakasimama tena kama zamani. Mama Sheryl alirudia kuimba. Shuka zikarudi. Na Jumapili moja alipiga magoti mbele ya kanisa, akawekewa mikono. Nilipogeuka nilimwona Odongo, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, ameketi kiti cha mwisho na helmeti mapajani. Alikuwa amevua kofia ya ndani pia, kwa heshima.

Aliwaongoza akina mama mpaka mwaka huu. Ndipo moyo wake ulipoanza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa anapumzika katikati ya ngazi za kanisa akijifanya anasalimiana na watu. Daktari alimpa dawa na kumkataza chumvi, naye akasema mtu wa njugu akikatazwa chumvi ni kama kuachishwa kazi. Aliendelea kuuza akiwa ameketi. Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa nikienda Port Victoria. Aliniambia nimpelekee Naswa salamu, mtu ambaye hajawahi kumwona, na nimwambie kwamba anajua ananipunja. Salamu hizo nilikuwa nimezifikisha. Ndizo zilizokuwa zimeanzisha ule ubishi.

Tulikaa matanga Kaloleni, watu wakija kila jioni kwa maombi, kisha tukamsafirisha kwenda Seme, nyumbani kwa Obonyo, mahali pake pa kuzikwa. Bodaboda za steji zilisindikiza gari mpaka nje ya mji, na Odongo na wengine watatu hawakugeuka, walifika nasi. Magdalene alikuja na wanawake wa langoni. Alikuwa hajawahi kufika mazishi ya kwetu, akashangaa wingi wa hotuba.

Odongo alipewa nafasi fupi kusema kwa niaba ya wateja. Alisema amesikia wasemaji wengi wakitaja kwamba marehemu hakuwahi kumkosea mtu, na yeye hawezi kusema hivyo, kwa sababu alimkosea yeye, na akavuka barabara mbele za watu kuja kumwambia. Alisema katika maisha yake ni mtu mmoja tu aliyewahi kumfanyia hivyo. Akarudi kukaa. Sheryl alimshika mkono alipopita.

Mchungaji alihubiri juu ya tumaini la ufufuo, kwa ufupi, maana mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa. Akina mama wa kanisa, wakiwa wamevaa sare zao, walilibeba jeneza kutoka kwenye turubai mpaka kaburini. Nilikuwa mmoja wao, upande wa miguu. Kaburi lilichimbwa kando ya la mumewe. Vijana waliteremsha jeneza kwa kamba, mchungaji akasema maneno ya udongo kwa udongo, Sheryl akatupa konzi ya kwanza, kisha Walter, kisha mimi. Wanaume wakachukua makoleo. Tuliimba mpaka kaburi likajaa na msalaba ukasimikwa. Baadaye tulimwombea Sheryl, watu wakala, na magari ya Kisumu yakaondoka kabla barabara haijalowa. Mvua ilianza Walter akiwa bado amesimama kaburini. Nilimwendea na leso, nikamfunika kichwa, tukaingia ndani.